Faida za Madirisha ya Bawaba

Mara nyingi twaona nyumba mpya iliyojengwa kwa gharama kubwa, kuta zake zimenyoka na bati lang'aa, lakini madirisha ni machache, tena madogo. Watu hulala humo na hewa isiyo na pa kutokea. Ugonjwa wa kifua kikuu hustawi katika nyumba ya namna hiyo, kwa maana vijidudu vyake, alivyovigundua daktari Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882, huelea hewani mgonjwa akohoapo. Hewa ikisimama, navyo hukaa. Hewa ikipita, huchukuliwa nje.

Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za dirisha la bawaba, yaani lile lishikwalo ubavuni kwa bawaba na kufunguka kama mlango. Dirisha la kusukuma kando hufungua nusu tu ya nafasi yake, kwani kipande kimoja hukaa nyuma ya mwenziwe. La bawaba hufunguka lote. Tena likifunguka kwa nje, huweza kuukinga upepo upitao ukutani na kuuelekeza ndani. Likifungwa, hukazwa juu ya fremu, vumbi na baridi visipate njia.

Faida ya kufungua imekwisha pimwa. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza habari za hospitali 8 za mji wa Lima, nchi ya Peru. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ya vyumba ilibadilika kadiri ya mara 28 kwa saa, hali kipimo kilichoagizwa kwa vyumba vyenye mashine za hewa ni mara 12. Majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, ndiyo yaliyoshinda.

Kwa hiyo mwenye kujenga na akiweke kila chumba madirisha mawili katika kuta mbili, yakiwezekana yaelekeane, ili upepo uingie huku na kutoka kule. Atumie mbao ngumu kama mninga au mvule, atie ndoano ili upepo usilibamize dirisha, na bawaba azipake mafuta. Akiogopa wevi, nondo zikae upande wa ndani. Dirisha la barazani lisifunguke mahali wapitapo watu, lisije likawaumiza vichwa.

Lakini dirisha, hata likiwa zuri namna gani, halimfai alifungaye mchana kutwa.