Bustani ya Sifongo Chini ya Barafu ya Aktiki

Bahari ya Aktiki, iliyopo kwenye Ncha ya Kaskazini ya dunia, ni miongoni mwa bahari ambazo sakafu yake haijachunguzwa sana. Baridi siyo sababu ya pekee. Barafu inayoifunika huzuia mwanga wa jua na njia ya meli. Tena haitulii mahali pamoja, bali huchukuliwa na upepo na mikondo usiku na mchana. Chombo kinachotaka kupima sakafu hiyo hakina budi kupambana na mambo hayo yote kwa pamoja.

Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu wengi walidhani kwamba kina cha bahari hiyo ni kifupi. Mwaka 1893 mtafiti wa Kinorwe, Fridtjof Nansen, aliiacha kwa makusudi meli yake, Fram, igandiwe na barafu kaskazini ya Siberia, ili ichukuliwe polepole na mwendo wa barafu yenyewe. Kamba za kupimia kina zilizokuwamo melini hazikufika chini. Ndipo mabaharia walipofumua kamba nene ya chuma, wakaziunga nyuzi zake kuwa uzi mmoja mrefu, wakauteremsha. Uzi huo uligusa sakafu baada ya kupita mita 3,000. Fram ilipotoka barafuni mwaka 1896, dhana ile ya zamani ilikuwa imekwisha.

Lakini swali jingine lilibaki: je, kuna uhai wa kiasi gani huko chini? Kwa kawaida chakula cha viumbe wa vilindini hutoka juu. Mwani mdogo hujitengenezea chakula kwa nguvu ya mwanga wa jua, na mabaki yake huzama. Chini ya barafu isiyoyeyuka mwanga ni hafifu, mwani ni haba, na chakula kinachofika sakafuni ni kidogo mno. Kwa hesabu hiyo, mtu angetazamia kukuta jangwa.

Mwaka 2016 Polarstern, meli ya utafiti ya Ujerumani yenye uwezo wa kuvunja barafu, ilifika juu ya Mgongo wa Langseth, safu ya milima ya volkano iliyozama baharini karibu na latitudo ya nyuzi 87 kaskazini. Kiongozi wa safari hiyo alikuwa Antje Boetius. Kamera iliteremshwa kwa waya mrefu, na meli ikajiachia kuchukuliwa na barafu huku picha zikipigwa. Kwa kila mita 10 za kina, kanieneo ya maji huongezeka kwa kiasi kinacholingana na kanieneo ya hewa tunayoishi ndani yake. Kwa hiyo kwenye kina cha mita 600 kamera hubanwa kwa nguvu ya zaidi ya mara 60 ya ile iliyopo juu ya bahari.

Picha zilionyesha kwamba vilele vya milima hiyo vimejaa sifongo, baadhi yao wakiwa na upana wa mita moja. Sifongo ni wanyama, wala si mimea, ingawa hawana kinywa wala tumbo. Walikula nini mahali penye njaa kiasi hicho?

Matokeo ya uchunguzi yalitangazwa mwaka 2022. Chini ya sifongo hao kulikuwa na tabaka la mirija mitupu ya minyoo pamoja na magamba ya kombe. Hayo ni mabaki ya viumbe walioishi maelfu ya miaka iliyopita, wakati volkano hizo zilipokuwa zikitoa gesi zenye kuwalisha. Volkano zilipozimika, viumbe hao walikufa. Sifongo, wakisaidiwa na bakteria wanaoishi ndani ya miili yao, huyeyusha mabaki hayo magumu na kuyafanya chakula. Wanaishi, kwa kusema kweli, juu ya akiba iliyoachwa na marehemu.

Umri wa sifongo hao ulikadiriwa kuwa wastani wa miaka 300. Wakiharibiwa na nyavu za kukokotwa, vizazi vingi vya wanadamu vitapita kabla hawajarejea. Hatari hiyo si ya kufikirika tu, maana barafu ya kiangazi imepungua sana tangu satelaiti zilipoanza kuipima mfululizo mwaka 1979, na bahari inayofunguka hukaribisha meli za uvuvi. Ndiyo sababu mwaka 2018 nchi 9 pamoja na Umoja wa Ulaya zilitia sahihi mkataba wa kuzuia uvuvi wa biashara usiodhibitiwa katikati ya Aktiki. Mkataba ulianza kutumika mwaka 2021, kwa kipindi cha kwanza cha miaka 16, ili elimu itangulie mavuno.

Kutoka uzi wa Fram hadi kamera ya Polarstern ilipita miaka zaidi ya 120. Miaka 16 ni mifupi kwa kazi iliyobaki.