Je, Wajua? Meza ya Nyumbani na Miti ya Unyamwezi

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua mizigo Tabora, huko Unyamwezi, ikapumzika na kuajiri wapagazi wapya kabla ya kuendelea. Njia ile ilipita katikati ya misitu ya miombo, na misitu hiyo ndiyo inayompa mkazi wa Tabora mbao zake hadi leo. Meza ya kukatia mboga, ya kupigia pasi au ya kutengenezea baiskeli haihitaji karakana kubwa. Inataka mtu anayeujua mti na vipimo vichache.

Je, wajua kwamba kuna meza isiyo na hata msumari mmoja?

Ni kichanja cha vyombo, kile kinachosimama nyuma ya jiko katika nyumba nyingi za vijijini, na ambacho maafisa afya hukihimiza sambamba na choo bora na shimo la taka. Chimbia ardhini nguzo nne zenye panda, yaani zilizogawanyika juu. Laza miti miwili mirefu juu ya panda hizo, kisha panga fito kwa kukingama, ukiacha nafasi ya upana wa kidole kati ya ufito na ufito ili maji yachuruzike na jua lipite. Funga kwa kamba ya gome la myombo likiwa bado bichi. Gome likikauka hujikaza lenyewe, na kadiri jua linavyowaka ndivyo fundo linavyozidi kubana.

Je, wajua kwamba meza ya kukunja ilifika Tabora kabla ya reli?

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, karibu kila kitu kilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa takriban kilo 30. Wazungu waliopita hapa, kama Burton na Speke waliofika Novemba 1857, walisafiri na samani za kambi zilizotengenezwa ziwe nyepesi na za kukunjika. Meza ya namna hiyo inafaa hata leo kwa chumba cha kupanga: jozi mbili za miguu inayopishana kama herufi X, bolti moja katikati ya kila jozi, na kamba fupi chini ya kuzuia miguu isitanuke kupita kiasi. Ukimaliza kazi, unaikunja na kuiegemeza ukutani.

Je, wajua kwa nini mafundi wanaupenda mninga?

Ukikata gome la mninga, hutoka utomvu mwekundu kama damu. Lakini sifa inayomvutia seremala iko ndani ya ubao: mninga ukikauka husinyaa kidogo sana, hata kuliko mtiki unaosifiwa duniani kote. Ndiyo maana mlango au meza ya mninga haipindi ovyo. Moyo wa mti wenye rangi ya kahawia hustahimili mchwa, ila sehemu nyeupe iliyo karibu na gome hushambuliwa na wadudu upesi. Unaponunua, tazama ncha ya ubao: weupe ukiwa mwingi, ubao huo usiufanye mguu wa meza. Unapopiga randa au msasa, ziba pua na mdomo, kwa kuwa vumbi la mninga huwasha na huweza kuleta matatizo ya kupumua.

Je, wajua kwamba ubao hupumua kwa kufuata majira?

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Ubao hunyonya unyevu wakati wa mvua ukatanuka, na kiangazi husinyaa. Mwendo huo huenda kwa upana wa ubao. Kwa urefu ni mdogo mno. Meza iliyoundwa Februari kwa mbao mbichi, zikagongelewa misumari pande zote, ifikapo Agosti inapasuka katikati kwa sababu mbao zinataka kusinyaa nazo zimefungwa. Dawa ni kuanika mbao kivulini, penye hewa, huku vijiti vimewekwa kati ya ubao na ubao. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Na kwa meza ya kazi, panga mbao za juu ukiacha mwanya mdogo kati yake, kila ubao ukazwe kwa skrubu karibu na katikati ya upana wake, ili kingo ziwe huru.

Je, wajua kwamba fundi hupata pembe mraba kwa kupima tu?

Mafundi huiita njia hiyo tatu-nne-tano. Pima sentimita 60 upande mmoja wa kona na sentimita 80 upande wa pili, kisha pima kati ya alama hizo mbili. Ukipata sentimita 100 kamili, kona imekaa sawasawa. Fremu ikishaungwa, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, na pande zinazotazamana ziwe sawa kwa urefu, fremu ni mraba au mstatili wa kweli. Visipolingana, sukuma kona za mshazari ulio mrefu kabla gundi haijakauka.

Je, wajua kwamba miguu mitatu haichezi?

Kigoda cha miguu mitatu hutulia hata kwenye sakafu ya udongo yenye mabonde, kwa sababu ncha tatu hukaa chini zote kwa wakati mmoja. Mguu wa nne ndio unaoleta kucheza. Kuyumba upande kwa upande ni tatizo jingine, na tiba yake ni pembetatu: gongelea kipande cha mshazari kutoka mguu hadi fremu ya juu. Pembe nne huweza kulala. Pembetatu hailali mpaka ivunjike. Mapaa yetu husimama kwa kanuni hiyohiyo.

Je, wajua kwamba msasa huota porini?

Kabla ya karatasi za dukani, mafundi walilainisha mbao kwa majani ya mti wa msasa, jamaa ya mkuyu, ambayo hukwaruza kama tupa ndogo.

Je, wajua kwamba mwili wako ndio kipimo cha meza?

Simama wima, shusha mkono. Mahali kifundo cha mkono kinapofika ndipo panapofaa kwa meza ya kupigia randa na nyundo, kwani unahitaji kuegemeza uzito wako. Kwa kukata mboga au kukanda unga, meza iwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Meza fupi mno huuma mgongo. Ndefu mno huchosha mabega. Mpime anayeitumia.

Je, wajua mninga hukua vipi?

Mche wa mninga hufa juu kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mizizini, mwaka baada ya mwaka, hadi mizizi ipate nguvu ya kusukuma shina lisilorudi chini. Kuanzia hapo bado huhitaji miongo mingi kufikia unene wa mbao. Wakati huohuo msitu unakatwa kwa mkaa, mashamba na kuni za kukaushia tumbaku. Mwaka 2022 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vya porini, zikikutana Panama, ziliiweka miti yote ya jamii ya mninga ya Afrika katika orodha ya pili, ile ya biashara ya kimataifa inayodhibitiwa. Hapa nchini, mbao halali hugongwa nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu. Iulizie alama hiyo kabla hujalipa.

Kwa hiyo usimwage mninga mahali ambapo paini inatosha. Fremu ya paini, rafu za mabanzi, na mninga kidogo kwa miguu tu, vinatoa meza imara. Iunge kwa bolti na skrubu ili mguu mmoja ukioza ubadilishwe peke yake. Meza inayotengenezeka ikiharibika ni mti mmoja uliobaki umesimama msituni.