Gari Likivuta, Usianze na Wili Alaimenti

Dar es Salaam imejaa Toyota IST zilizonyanyuliwa. Mwenye gari amechoka kukwangua tumbo kwenye matuta, anakwenda kwenye karakana za eneo la Gerezani, fundi anachomeka spesa, yaani kipande cha kunyanyulia, juu ya shokapu, na kabla ya jua kuzama gari limepanda. Mashimo hayamsumbui tena. Miezi michache baadaye analalamika: gari linayumba likifika mwendo wa 80, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na matairi ya mbele yameliwa upande mmoja. Anaambiwa apeleke alaimenti. Linapimwa, linarekebishwa, na matairi yanaendelea kuliwa.

Fedha nyingi zinapotea hapo, na gari lisiloshika barabara linaua watu. Mashine ya alaimenti inaonyesha magurudumu yameelekea wapi, lakini haiponyi kilichochakaa. Boljointi ikiwa imelegea, au bushi za wishboni (mkono wa chini unaoshika gurudumu) zikiwa zimepasuka, gurudumu lililonyooshwa karakana litapinda njia nyingine kwenye breki ya kwanza.

Zaidi ya hapo, si kila kipimo kinarekebishika kwa spana. Mbele ya IST kuna mfumo uliobuniwa na mhandisi Earle MacPherson katika miaka ya 1940: springi na shokapu vimeunganishwa kuwa mguu mmoja unaolishika gurudumu. Kwenye mfumo huo, kwa kawaida fundi anaweza kugeuza tairodi tu, yaani kuamua kama ncha za mbele za matairi zielekeane au ziachane. Mlalo wa tairi ndani au nje, unaoitwa kemba, haugeuki bila kubadilisha bolti. Kasta, ule mwinamo unaofanya usukani urudi katikati, nayo haina pa kushika. Kemba ikisoma vibaya upande mmoja tu, tafuta kilichopinda, mara nyingi baada ya gurudumu kutumbukia kwenye shimo kwa kishindo.

Sasa fikiria spesa. Wishboni inainamia chini, tairodi nayo inainama, vipimo vyote vinahama. Viungo vya ekseli vinazunguka kwa pembe kali na mipira yake inapasuka mapema. Uzito umepanda juu, kwa hiyo kwenye kona za mlima Kitonga gari linalala zaidi. Anayeishi kwenye barabara mbovu ana haki ya kutaka gari lililonyanyuka, lakini achague spesa fupi, na alaimenti ifanyike siku hiyohiyo. Springi imara zilizotengenezwa kwa ajili ya gari husika, pamoja na shokapu zinazolingana nazo, ni bora zaidi kwa anayebeba mizigo.

Wengi hudhani gari linaloshika barabara lazima liwe gumu. Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ilikuwa na springi laini zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, na ndiyo sababu magurudumu yake yalibaki ardhini kwenye vumbi na makorongo. Tairi lililo hewani haliwezi kupiga breki wala kukata kona.

Basi kagua kabla ya kununua chochote. Pitisha kiganja kwenye meno ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha urudi. Kama upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza, ncha za mbele zimekaa vibaya. Kama kuna mabonde mabonde kuzunguka tairi, shuku shokapu, na uangalie kama zinavuja mafuta. Shokapu hubadilishwa mbili mbili kwenye ekseli moja. Ukiweka mpya kulia na kuukuu kushoto, gari litayumba ukikanyaga breki.

Kuna kosa moja la karakana ambalo halionekani kirahisi. Fundi anaweka bushi mpya za wishboni na kukaza bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Gari likishuka, mpira wa bushi unabaki umejisokota muda wote na unachanika mapema, kisha duka linalaumiwa kwa kuuza spea feki. Bolti hizo hukazwa mwisho, gari likiwa limekaa kwa uzito wake.

Baada ya hayo yote ndipo alaimenti. Jaza upepo kwanza kwa kipimo kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva. Usukani ukitoka umekaa upande, usikubali uchomolewe na kurudishwa upya. Tairodi zote mbili zigeuzwe sawasawa mpaka ukae katikati. Omba karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada, na kipimo kilichobaki chekundu, yaani nje ya kiwango, mwambie fundi akuonyeshe, chini ya gari, kifaa kinachokisababisha.