Jinja maporomoko yamezama, milima ya Mbale bado yananguruma

MFANYABIASHARA anayetoka Busia au Malaba kwenda Kampala huvuka Mto Nile mjini Jinja kwa dakika chache tu. Tangu Oktoba 2018 magari hupita kwenye daraja jipya la nyaya lenye urefu wa mita 525. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 60, malori yalipita juu ya ukuta wa bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale.

Bwawa hilo lilifunguliwa mwaka 1954 na Malkia Elizabeth wa Pili. Maji yalipopanda yalifunika maporomoko ya Owen, na pia yale ya Ripon, pale Nile inapoanza safari yake kutoka Ziwa Victoria. Umeme wake uliendesha viwanda vya Jinja, na mwingine ukauzwa Kenya. Kwa hiyo faida ilivuka mpaka, lakini maporomoko hayakuonekana tena.

Mwaka 2012 ilikuwa zamu ya Bujagali. Bwawa la megawati 250 lilifunika maporomoko yaliyokuwa yakiwavuta wageni wa kushuka mto kwa boti za mpira. Mwaka 2019 likafuata bwawa la Isimba, megawati 183, likameza mengine. Waongozaji wa boti na wachuuzi wa kandokando wakalazimika kusogea kila maji yaliposogea.

Yaliyosalia makubwa karibu na Jinja ni Itanda na Kalagala, ng'ambo hii na ile ya mto uleule. Bujagali ilipokuwa ikitafutiwa fedha, serikali ya Uganda iliiahidi Benki ya Dunia kwamba hapo hapatajengwa bwawa. Njia za kufika ni za vumbi, kati ya mashamba na vijiji. Bodaboda hufika karibu na mto, na kipande cha mwisho ni cha miguu.

Kutoka Jinja, barabara ya Iganga na Tirinyi inampeleka msafiri hadi Mbale, chini ya Mlima Elgon. Huko maji bado yanaanguka yenyewe. Mvua ikinyesha, mistari myeupe ya maji huonekana kutoka mjini ikishuka kwenye majabali ya Wanale. Mbele zaidi, njia ya Kapchorwa inapanda hadi Sipi, penye maporomoko matatu ya mto mmoja. La chini ndilo refu kuliko yote, karibu mita 100. Mto huo umepata jina lake kutokana na sep, mmea wa porini unaofanana na mgomba.

Kuyazungukia yote matatu kwa miguu huchukua karibu nusu siku. Vijia vinapita katikati ya migomba na mibuni ya wenyeji, na ndiyo maana mgeni hulipa kiingilio na kuchukua mwongozaji wa hapo. Fedha hiyo hubaki kijijini. Mwafaka uwekwe kabla ya kuanza kutembea, kama ilivyo kwa bei ya gunia sokoni.

Msimu nao uzingatiwe. Udongo wa Elgon huteleza na hata kuporomoka: Bududa ilipoteza watu wengi Machi 2010 na tena Oktoba 2018, na Julai 2022 mafuriko yaliua watu mjini Mbale. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu zaidi. Mvua kubwa ikianza mlimani, safari iahirishwe.

Anayerudi Kenya halazimiki kushuka tena Malaba. Kutoka Sipi barabara inaendelea Kapchorwa hadi mpaka wa Suam, na ng'ambo ya pili kuna Kitale. Aliyeuza mzigo wake Mbale anaweza kulala Sipi usiku mmoja, akatembea asubuhi na kuvuka mpaka siku hiyohiyo.