Ngazi 72, Siti 33: Mbona Wasee Wengine Huhesabu Kila Kitu?

Kutoka geti hadi mlango wa keja yangu kuna ngazi 72. Hakuna mtu aliniambia. Nilizihesabu siku ya kuhamia nikiwa nimebeba godoro kichwani, na tangu hiyo siku sijui kupanda bila kuhesabu. Stima zikipotea na simu imezima, mimi hupanda gizani na mtungi wa maji bila wasiwasi. Nikifika 72, mlango uko mkono wa kushoto.

Kama we pia ni mse wa kuhesabu, unajua hii kitu haikomi kwa ngazi. Unaingia mat ya siti 33, fare ni finje, na kabla ukae kichwa ishapiga: hiyo ni 1,650 trip moja. Mvua ikinyesha konda aongeze ashu, hapo ameokota 330 zingine. Hujatumwa na mtu. Lakini chenji ikiwa pungufu, we ndio wa kwanza kujua.

Sasa, hii ni akili ama ni shida?

Kwanza, macho yetu pekee hayatoshi. Mwaka wa 1871, mwanauchumi wa Uingereza anaitwa William Stanley Jevons alijifanyia jaribio na maharagwe. Alikuwa anayarusha kwa boksi, anaangalia mara moja, anataja ni ngapi bila kuhesabu. Alirudia zaidi ya mara 1,000. Yakiwa 3 ama 4, hakukosea hata mara moja. Yakifika 5, makosa yakaanza, na vile yalizidi kuongezeka ndivyo alizidi kukosea. Jaribu na ndengu kwa sahani uone. Kuanzia hapo lazima uhesabu, ama upange mafungu vile mama mboga hupanga nyanya.

Pili, kuhesabu hutuliza. Akili ina nafasi ndogo ya kushika vitu kwa wakati mmoja, na wasiwasi pia hutaka kukaa hapo hapo. Ukiijaza namba, mawazo yanakosa siti. Ndio maana mtu akiwa na hasira huambiwa ahesabu hadi kumi.

Lakini kuna pahali inageuka. Nikola Tesla, yule mvumbuzi wa mambo ya stima, aliandika mwaka wa 1919 kwamba alikuwa anahesabu hatua zake akitembea, na mezani anapiga hesabu ya ujazo wa sahani ya supu na kikombe cha kahawa. Bila hivyo chakula hakinogi. Tena kitu akirudia, idadi lazima igawanyike kwa 3. Akikosea anaanza upya, hata ichukue masaa.

Hiyo ya kuanza upya naijua.

Nikiwa chuo mwaka wa pili, nilikuwa na deni la karo 31,500, na siku 45 kabla tufungue. Kibarua cha mjengo kilikuwa kinaniachia 400 kwa siku nikishatoa fare na lunch. 45 mara 400 ni 18,000. Inabaki 13,500. Jibu nilikuwa nalo usiku wa kwanza. Lakini usiku wa pili nikaipiga tena. Wa tatu, tena. Nilikuwa nalala nikigawanya hiyo pesa kwa siku, kwa wiki, kwa masaa, ni kama kuna njia ingetoa jibu lingine. Mchana sikuambia mtu.

Mathe alijua wakati wenzangu walikuwa washafungua, na muhula mpya ushaongeza deni lake. Hakupiga kelele. Alitoa kile kitabu chake cha chama, akanionyesha mstari wa mikopo. Angeweza kukopa 15,000 hiyo wiki.

"Ulihesabu hiyo pesa mara ngapi kabla uniambie?"

Mimi najua ngazi zangu ni ngapi, lakini hiyo sikuwa na jibu. Chuo sikurudi.

Kitu nilijifunza ni hii: kuna hesabu ya kujua na kuna hesabu ya kujificha. Ya kujua huisha. Unapata jibu, unafanya kitu: unapunguza smokie, unashuka stage moja mbele, unaomba msaada. Ya kujificha haiishi, juu hukuwa unatafuta jibu. Ulikuwa unatafuta kutofikiria. Na namba haiongezi doh, hata uipige mara mia. Inakuonyesha tu shimo lina ukubwa gani. Kulijaza ni kazi ingine.

Na kama ukikosa kuhesabu unaogopa kitu kibaya kitatokea, ama unachelewa kazi juu lazima uanze upya, hiyo inaweza kuwa OCD. Si ujinga wala si kurogwa. Ina matibabu. Ongea na daktari ama mshauri.

Mimi bado nahesabu, na sioni nikiacha. Lakini siku hizi niko na sheria moja: hesabu ile ile nikiipiga mara ya tatu, napigia mtu simu.

Na we, ni hesabu gani umerudia wiki hii na hujaambia mtu?