Usimcheke Milembe

Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi, dagaa wanapopakuliwa, uite kwa sauti: "Doto!" Watageuka zaidi ya mmoja, na mwingine atakuuliza kama umeleta deni lake. Kanda ya Ziwa hakuna anayeshangaa. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, anayewafuata Shija. Aliyetanguliza miguu ni Kashindye. Aliyekuja na mvua ni Mabula, na akiwa binti, Kabula. Mkunga hajamaliza kunawa mikono, jina limeshapatikana.

Kazi huanza ukishuka basi Dar es Salaam. Binti anayeitwa Milembe akijitambulisha tu chuoni, hakosi wa kumuuliza katoroka lini, maana wengi wanachokijua ni Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma. Laiti wangevuka ziwa! Kwa Waganda mirembe ni amani. Jina zuri kuliko hilo utalipata wapi?

Halafu kuna matamshi. Mhoja hutolewa puani, pumzi ikitangulia. Mgeni hutia "u" katikati, akapata Muhoja. Ng'wandu humtoa jasho kabisa, akaishia Nwandu. Kwenye karatasi ndiyo balaa: cheti cha kuzaliwa kinasema Kashindye, cha shule Kashinje, kitambulisho cha NIDA Kashinde. Siku ya kuomba kazi, mwenye jina anaenda kwa wakili kula kiapo kwamba watu hao watatu ni yeye mmoja.

Mimi naamini jina halina ubaya wa kuzaliwa nao. Sikio ndilo halijalizoea. John Pombe Magufuli wa Chato alitaniwa kwa pombe na kwa makufuli. Akaapishwa kuwa rais mwaka 2015, jina likasomwa kila siku kwenye taarifa ya habari, utani ukachuja wenyewe. Kambarage, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alipewa jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, na la baba yake, Nyerere, ni viwavi. Leo viwavi hao wanasomeka kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na sijaona abiria anayecheka.

Nasita kwa Makoye tu, yaani Matatizo, na Nyanzala, aliyezaliwa wakati wa njaa. Wazee walikuwa na sababu zao. Mama aliyezika watoto wawili watatu aliweza kumpa anayefuata jina la dharau, ili kifo kipite kikidhani hapo hamna cha maana. Lakini njaa ile ilikwisha zamani, na Nyanzala bado anaibeba. Wangu nisingempa.

Siku hizi Igoma na Nyegezi wamejaa akina Brayton na Precious. Mabula unajua alizaliwa mvua ikinyesha. Brayton unajua baba alikuwa na king'amuzi. Si jambo geni, maana ziwa lenyewe lilibandikwa jina la malkia wa Uingereza na John Speke, alipolifikia huku kwetu mwaka 1858.

Mzazi anayetaka Brayton ampe. Ila amwongezee na la ukoo, tena aliandike mwenyewe, herufi kwa herufi, kabla karani hajashika kalamu. Ada ya wakili si ndogo.