CHANJO ZA WATOTO: MTO SONGWE HAUZUII UGONJWA



Mwezi Machi 2022 watoto wenye umri chini ya miaka mitano katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma walipewa matone ya polio, hata wale waliokwisha kuchanjwa. Sababu ni kwamba mwezi Februari mwaka huo Malawi ilitangaza kuwa mtoto mmoja wa Lilongwe amepooza kwa ugonjwa huo. Mlipuko huo ulitangazwa kuwa umekwisha mwezi Mei 2024.

Mzazi aweza kuuliza: mtoto mmoja tu, tena wa mbali? Inafaa ieleweke kwamba katika watu 200 walioambukizwa polio, hupooza mmoja hivi. Wengi hawana dalili yoyote, lakini kinyesi chao hueneza ugonjwa kwa njia ya maji na chakula. Nasi wa Kyela twavuka mpaka pale Kasumulu kwa biashara, na mafuriko huchanganya maji ya vyoo na ya visima.

Kwa hiyo wazazi wazingatie haya:

1. Matone ya polio hutolewa mtoto anapozaliwa, kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Katika ziara hizo tatu za baadaye hupata pia kinga ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na nimonia. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, na tena miezi 18.

2. Aliyekosa dozi haanzi upya, bali huendelea pale alipoishia. Mama asione haya kurudi kliniki.

3. Joto kidogo au uvimbe penye sindano ni jambo la kawaida. Akipata degedege, au homa isiyopungua, apelekwe zahanati upesi.

4. Chupa ya chanjo ya surua ikishachanganywa hutupwa baada ya muda wa saa 6. Ndiyo maana wauguzi husisitiza siku maalumu, tuiheshimu.

5. Kadi ya kliniki itunzwe kama stakabadhi ya mauzo.

Miadi husahauliwa hasa wakati wa kuvuna mpunga na kuuza kakao. Makatibu wanaombwa kuuliza zahanati siku ya chanjo, kuibandika katika ubao wa matangazo, na kutopanga mkutano wala upimaji wa kakao siku hiyo. Mpunga ulioachwa leo utavunwa kesho. Mguu uliopooza kwa polio hauna dawa.